Kachumbari ya Jibini na Baba Aliyehamia Jikoni

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ilipoanza kung'ata masikio, baba yangu alihamia jikoni. Sisemi aliingia kuota moto kidogo kisha akatoka kama watu wengine. Alihamia. Alibeba kiti chake cha mbao chenye mto, redio, miwani, na lile koti zito la mtumba linalofika magotini, akakaa kando ya jiko la mkaa na kunyoosha miguu mpaka soksi zikaanza kunuka kama maharage yanayoungulia. Ukitaka mwiko, unairuka miguu yake kama mtaro. Ukitaka chumvi, unaomba radhi.

Mwaka mwingine wowote ingekuwa kero ya kawaida, tungemsema pembeni, basi. Lakini mwaka huu tulikuwa na wifi yangu nyumbani.

Kaka yangu mkubwa alimtoa Iringa, Ipogolo, kule bondeni kando ya barabara kuu, enzi zile alipokuwa anakwenda kununua vitunguu vya kuuza, kabla hajashikwa na wazimu wa dhahabu. Akamleta kwetu mtaa wa Soweto, hapa Mbeya, akamkabidhi kwa mama kama mtu anayeacha mzigo stoo, akaenda zake Makongolosi kwenye mashimo. Alisema akipata chumba atamfuata. Harusi ya kanisani ilikuwa inasubiri kitu kimoja tu: shangazi, dada mkubwa wa baba, aje ale chakula cha mkono wa mkwe. Akiridhika, ndoa inatangazwa. Asiporidhika, mtoto wa watu anarudishwa kwao, na kaka ataambiwa atafute mwingine, maana kwa shangazi wanawake ni kama nyanya sokoni, zinabonyezwa kwanza.

Sasa sikia mila yetu. Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkwe akimwona mzee anakuja, anaacha njia, anageuka, anajifunika kitenge. Haingii chumba alichomo. Familia nyingi hapa mjini zimeshaacha, au zinafanya nusunusu mbele ya wageni kutoka kwetu Tukuyu. Baba mwenyewe hana mila nyingine anayoikumbuka. Msibani anakosea hata mahali pa kukaa. Lakini hii moja, iliyompa haki ya kumiliki chumba chenye joto, aliishika kwa mikono miwili na meno.

Piga hesabu mwenyewe. Baba yuko jikoni tangu chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari. Mkwe haruhusiwi kuingia alipo baba. Na mkwe anatakiwa aonyeshe kwamba anajua kupika. Mwalimu wetu wa hisabati angeandika ubaoni kwamba swali hili halina jibu. Mama alilipenda hivyohivyo lilivyo.

"Wifi," wifi aliniita kwa sauti ya chini, maana na mimi ni wifi yake, "hebu niulizie kwa mama, baba huwa anatoka saa ngapi jikoni?"

Nikaenda kuuliza.

"Baba yako ni paka, nimfukuze jikoni?" mama akajibu.

"Basi tumtolee wifi jiko dogo apikie nje."

"Jiko dogo lina mguu mbovu."

"Na gesi?"

Hapo aliniangalia kama nimetukana madhabahuni. Mtungi wetu wa gesi unakaa sebuleni, umevalishwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna maua ya plastiki. Haujawahi kuwashwa mbele yangu. Ukituona mimi na mtungi, utajua ni nani mtoto wa nyumba hii.

"Mimi wakati naolewa," mama akasema, "mama mkwe alinifungia jiko. Nilipika chini ya mgomba, mvua inanyesha, nimeshika ungo juu ya sufuria. Nilikufa?"

"Hukufa, mama."

"Basi."

Nikarudi kwa wifi na jibu fupi: hajui. Nikashika mwiko mwenyewe, nikapika huku nanung'unika kwa sauti ya kusikika. Mama naye, kila jirani akichungulia uani, alikuwa na maneno yake tayari, tena kwa sauti ya mnadani. "Mkwe wangu? Aa, huyu wetu ni mgeni rasmi. Sisi tunapika, yeye anakula." Halafu anamalizia na ule utani wa kula mbwa anaotupiwa kila Mhehe wa Iringa akishavuka Makambako. "Au labda anangoja tumchinjie yule wa jirani!" Jirani anacheka. Wifi yuko pale pale anafua, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya baridi. Anatabasamu, kwa sababu utani ni utani, na ukikasirika ndiyo umeshindwa.

Siku moja akafungua begi lake, akatoa kitu kimefungwa kitambaa cheupe. Kilikuwa cha duara, kizito, na ganda la manjano.

"Jibini," akasema. "Mama yangu anatengeneza. Alifundishwa na masista misheni."

Nami nilijua jibini ni ile ya pembetatu kwenye tangazo. Alinikatia kipande. Kwanza kilikuwa na chumvi, kisha maziwa, kisha kitu kingine kama harufu ya zizi lililofagiliwa vizuri. Nikaomba kingine.

Mama alikuwa ameshakigundua kabla yangu. Alikuwa amepekua begi, akakata pande, na kwa kuwa kwake kitu kigumu cha manjano kinachokatwa kwa kisu ni sabuni ya mche, akaifulia shati la baba la Jumapili. Alilalamika kwa mtaa mzima kwamba Wahehe wanatengeneza sabuni isiyotoa povu. Baba alikwenda kanisani na kola inayonukia ndama. Aliyekaa nyuma yake alihama benchi.

Kwa hiyo wifi, aliyenyimwa moto, akaamua kufanya kazi bila moto. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya chumba chake, beseni mbele, kisu mkononi. Kitunguu alikikata vipete vyembamba, akavifikicha na chumvi, akavisuuza mpaka ukali ukaondoka. Nyanya alizikata baada ya kukamua mbegu, maana maji ya mbegu ndiyo yanaifanya kachumbari iwe supu. Tango alilimenya mistari mistari, akaacha kijani kidogo. Karoti akaikwaruza. Parachichi, lile kubwa la Rungwe linalojaza kiganja, aliliweka karibu na mwisho ili lisivurugike. Limao juu, pilipili mbichi kidogo, giligilani aliyoichuma kwenye kopo tupu la rangi alimoipanda mwenyewe. Mwisho jibini, vipande vidogo vya mraba, akavichanganya kwa vidole, si kwa kijiko, kwa sababu kijiko kinaponda.

Ilikuwa tayari kabla mkaa wangu haujashika moto. Nilikula sahani nzima nimesimama. Ilikuwa baridi, chachu, laini, kisha ghafla unauma jibini na mdomo unaamka. Kuanzia siku hiyo nikajifunza. Mtu mvivu kama mimi akipewa chakula kisichohitaji kupuliza mkaa amepewa urithi.

Mchana uliofuata nikampelekea baba sahani yake jikoni, pembeni ya ugali.

"Nani kaweka sabuni humu?" akauliza.

"Onja, mzee."

Akaonja. Akaonja tena. Akaangalia dirishani kama mtu anayetafuta shahidi, akamaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho. Kesho yake akauliza ile kitu iko wapi. Keshokutwa akaanza kuuliza kabla ya ugali. Alijua imetoka kwa nani, maana sijawahi kutengeneza kitu akakimaliza. Lakini jina la mwenye mkono halikutajwa. Mila inamkataza kumwona mkwe, haimkatazi kumaliza jibini yake.

Wifi akaanza kupata matumaini. "Baba amekula?" ananiuliza kila nikirudi na sahani tupu. Nikimwonyesha, anaitazama kama cheti cha ubatizo. Alidhani sahani tupu zinahesabiwa mahali fulani kwa ajili yake.

Shangazi alikuja Jumapili baada ya ibada. Shangazi yangu ni mwanamke mpana anayetembea kama kabati linalohamishwa, na akikaa kwenye kochi letu, upande wa pili wa kochi unanyanyuka. Mama alikuwa amenunua nyama tangu jana. Akaificha. Niliiona nikitafuta sukari: imewekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya meza ya jikoni, na mkungu mdogo wa ndizi mbichi pembeni.

"Mama, hiyo nyama ya nani?"

"Ya mgeni."

"Si wifi aipike?"

"Aje aipike. Mimi nimemzuia?"

Na jikoni, kwenye kiti chake, amevaa koti lake, baba alikuwa anasikiliza mpira.

Wifi alinishika mkono nyuma ya nyumba. Vidole vilikuwa barafu. "Wifi yangu, nakuomba. Mtoe hata nusu saa. Nipate moto nusu saa tu."

Nikaingia na akili zangu zote.

"Baba, kuna watu nje wanasema wanataka kukuona."

"Waingie huku kwenye joto."

"Baba, shangazi yuko sebuleni peke yake."

"Namsikia. Sauti yake inafika."

"Baba, naona kama ng'ombe wa jirani kaingia kwenye mahindi yetu."

"Hatuna mahindi."

"Baba," nikaishiwa ujanja, "toka wifi apike. Shangazi kaja kumpima leo."

Akaongeza sauti ya redio. Hakunigombeza, hakunitazama, aliongeza sauti tu.

Basi wifi akafanya alichoweza. Alitengeneza kachumbari sijawahi kuiona nzuri vile. Alimalizia jibini yote aliyobaki nayo. Akaipanga kwenye sinia, nyanya duara la nje, tango ndani yake, parachichi limelala kama majani, jibini nyeupe juu kama mawe ya mto. Akaniambia nitangulie na maji ya kunawa. Akaingia sebuleni, akapiga goti, akaweka sinia mbele ya shangazi, akabaki pale chini ameinamisha kichwa.

Shangazi akaitazama muda mrefu.

"Hiki ndicho nini?"

"Kachumbari ya jibini, mama. Karibu."

"Na chakula kiko wapi?"

Mama alikuwa anakunja ukingo wa khanga yake na kuukunjua.

"Nimetoka nyumbani kwangu na baridi hii," shangazi akasema, akihesabia kila neno kwenye kidole, "nije nipewe majani? Mimi sungura? Mgeni anapewa kitu chenye mvuke. Hata mfungwa anapewa kitu chenye mvuke." Akamgeukia mama. "Huyu hajui kuwasha moto?"

"Sijui, dada," mama akasema. "Tangu afike sijamwona jikoni."

Hilo lilikuwa kweli tupu, ndiyo maana lilikuwa baya kuliko uongo.

"Kalipike hili," shangazi akaamuru. "Chakula cha mwanadamu kinapikwa."

Mama akabeba sinia. Nikamfuata mbio mpaka jikoni nikidhani anatania. Hakutania. Aliteleka sufuria na mafuta, akamimina sinia lote. Nyanya, tango, limao, parachichi, jibini. Akaongeza maji. Akafunika. Na baba alikuwa ameketi pale pale, hatua moja na sufuria, akitazama chakula alichokuwa anakiulizia kila mchana kikichemka kama mashudu ya nguruwe. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Halafu ukafungika. Tango likawa kamasi. Jibini ikayeyuka, ikashikana, ukinyanyua mwiko inafuata kama mpira wa manati. Parachichi likipikwa linakuwa chungu. Nilikuwa silijui hilo, sasa nalijua.

Mama akapakua kwenye bakuli zuri, lile la wageni, akampelekea shangazi. "Mboga ya mkwe, dada."

Shangazi akachota. Uzi wa jibini ukatoka bakulini mpaka kwenye kidevu chake na kugoma kukatika. Alihangaika nao kwa mkono, ukahamia kwenye mkono. Mimi nilicheka. Nilijaribu kuzuia, ikatokea puani. Akatema kwenye kitambaa, uso umejikunja kwa ule uchungu wa parachichi.

"Sumu," akasema. "Mnataka kuozesha mtoto wetu kwa mwanamke wa sumu."

Wifi bado yuko chini amepiga goti. Chozi halikutoka. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu cha kusema ambacho si mzaha.

"Shangazi, ilikuwa haipikwi! Wenyewe wanakula mbichi. Baba anaila kila siku. Kila siku! Anapangusa na sahani."

"Wewe mtoto!" mama akaniwakia.

Lakini shangazi alikwishainua shingo. Jiko letu liko ng'ambo ya ua, mlango kwa mlango na sebule. Akapaza sauti kwa mdogo wake: "We baba wa hapo! Eti ni kweli? Umekuwa ukila hiki kitu cha mkwe?"

Redio ikapunguzwa. Tulisubiri wote. Ilikuwa neno moja tu, ndiyo, na shangazi angeguna, angesema haya basi, mila za Wahehe, na mtoto wa watu angeolewa kanisani.

"Mimi nakula chakula cha binti yangu," baba akajibu kutoka kwenye joto lake. "Cha mtu mwingine sikijui."

Redio ikapandishwa.

Wifi akanyanyuka. Alijipangusa magoti. Akafungua kitenge alichojitanda kichwani, akakikunja vizuri, mara mbili, akakiweka kwenye mkono wa kochi karibu na shangazi. Akatoka, akavuka ua, akaingia jikoni kichwa wazi. Nikawa nyuma yake.

Alisimama mbele ya baba, akamtazama usoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba akajibu, kwa sababu mdomo wake ulizoeshwa hivyo tangu awe na mvi. Ndipo macho yakamfikia. Sijawahi kumwona mzee akiruka namna ile. Alijifunika uso kwa mto wa kiti, akagonga goti kwenye meza, akapiga kumbo ndoo, akatoka nje na soksi, koti limebaki kwenye kiti na redio inatangaza kona. Sebuleni shangazi alipiga yowe kama ameona nyoka.

Wifi akavuta kiti cha baba, akakaa. Akanyanyua mfuniko wa ndoo, akaona nyama, akaona ndizi. Akaniangalia.

"Iko tangu lini?"

"Jana."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akapika. Hapo ndipo nilipoona mtu anayejua kupika. Alimenya ndizi haraka kuliko mama, akakaanga nyama kwa vitunguu mpaka ikashika rangi, akaweka tangawizi, nyanya, akaacha vichemke polepole. Harufu ikajaza ua. Harufu ile ilikuwa matusi.

Na baba alikuwa nje. Hakuweza kuingia, kwa sababu mkwe yuko jikoni. Hakuweza kuingia sebuleni kwa njia ya uani, kwa sababu mlango wa jikoni ulikuwa wazi na angemwona. Alisimama kwenye kona ya bafu, mgongo umetugeukia, ukungu unashuka kutoka mlimani, soksi zimelowa, amejikumbatia kama kuku aliyenyonyolewa.

"Mwambieni atoke!" alipiga kelele ukutani.

"Mama, mwambie wewe," nikasema. Mama alisimama kwenye kizingiti cha sebule, haendi mbele harudi nyuma.

"Mkwe," akasema hatimaye, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia, "pakua basi tumpelekee shangazi."

"Cha kwake amekwishapewa, mama," wifi akajibu kwa adabu kabisa.

Akapakua sahani mbili. Yangu na yake. Tulikula taratibu mlango ukiwa wazi, yeye akichagua mifupa kama mtu asiye na safari. Nyama ilikuwa laini. Sitasema nilijisikia vibaya. Nilikuwa na njaa. Shangazi alikuja mpaka katikati ya ua, akatangaza kwamba ndoa haipo, kwamba msichana asiye na haya hawezi kuzaa watoto wenye heshima, kwamba kesho asubuhi apelekwe stendi.

"Kesho mbali," wifi akasema. "Basi la leo bado lipo?"

Alimpigia kaka kabla hajafunga begi. Mtandao wa Makongolosi unakuja na kuondoka, lakini siku hiyo ulikuwa mzuri, na simu ilikuwa kwenye spika. Mama alikuwa ameshampigia kwanza.

"Sasa wewe," kaka akasema, "si ungeenda tu ukamwombe mzee msamaha? Hata kwa kupitia dirishani. Shangazi akishakasirika mimi nitafanyaje?"

"Unanifuata au hunifuati?"

"Sikiliza kwanza..."

Wifi akakata simu. Akanipa kopo la giligilani, nikakataa, nikaona ananyoosha tu mkono, nikalipokea. Tulipanda bajaji mpaka stendi ya Nane Nane, begi katikati yetu, jepesi sasa kwa kuwa jibini imekwisha. Kwenye mlango wa basi aligeuka.

"Wifi, ukiolewa, olewa na yatima."

Kondakta alicheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Akapanda, akakaa upande wa pili ambao sikuweza kumwona, na basi likageuza pua kuelekea Iringa.

Simu ya kaka ilinikuta bado nimesimama pale na kopo mkononi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Nilisikia mashine za kusagia mawe nyuma yake, na watu wakibishana. Halafu akaniuliza kama baba ameshakula.